Dawa ipo rafuni, mwenzangu anasema "imekwisha"

Assalaam alaykum Shangazi,

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba. Nina miaka 26, nimesomea cheti cha ufamasia Unguja na sasa nauza kwenye duka la dawa la ami yangu, si mbali na soko. Tupo wawili: mimi asubuhi, mwenzangu jioni. Msimu wa karafuu tunakaa pamoja, maana watu hushuka kutoka mashamba na pesa mkononi na maradhi yao yote waliyoyalimbikiza tangu mwaka jana.

Shida yangu ni vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, hivi ambavyo watu wanaviita P2. Huku kwetu hakuna anayevitaja kwa jina. Mteja hungoja duka liwe tupu, akainama karibu na kioo, akasema "nipe ile ya siku tatu". Wengine hawasemi kitu, wananionyesha picha kwenye simu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, mtoto mkononi, wa miezi minane. Alijifungua kwa kupasuliwa na hospitali walimwambia apumzike kuzaa. Mume anafanya kazi Unguja, kaja Ijumaa, kaondoka Jumapili na boti. Jumatatu yule mama alinikuta sijamaliza hata kulipandisha pazia la duka. Nikamuuzia. Mwenzangu alipopata habari alinuna siku nzima. Yeye hauzi. Akiulizwa, husema "imekwisha", na maboksi yako nyuma ya kichwa chake, rafu ya pili. Nilipomwambia kwamba huo ni uongo akanijibu, bora uongo mdogo kuliko kuua nafsi.

Alhamisi iliyofuata, darsani, maalim wetu akalizungumza. Ni mtu mzima, tumesoma kwake tangu wadogo. Alisema kidonge kile ni kutoa mimba kwa njia ya kisasa, anayemeza ameua na anayeuza ndiye aliyempa kisu. Hakunitaja, lakini wanawake wote waligeuka wakanitazama. Nilimuuliza nesi mmoja ninayefahamiana naye, Mkristo kutoka bara, Mkatoliki, akaniambia na kwao ni hivyo hivyo, dhambi tupu. Ami yangu yeye kasema, "Mimi nimekodi duka tu, mambo ya fatwa muulizeni mwenye elimu."

Kuna wawili wengine wananisumbua moyoni. Mmoja ni msichana aliyekuja saa nane mchana, kavaa buibui lakini soksi nyeupe za skuli zinaonekana chini. Aliuliza bei ya "ile", akaingia mzee kununua dawa ya presha, basi yule mtoto akageuza maneno, akanunua Panadol akaondoka. Hajarudi. Wa pili ni kijana wa mjini, anakuja karibu kila mwisho wa wiki. Hana haya, anataja jina la dawa kwa sauti. Mwanamke anayeimeza sijawahi kumwona.

Shangazi, je, nikiuza ninaua? Na kama siui, si ninawasaidia watu kuzini? Na mshahara wangu una hukumu gani?

Mwenye mashaka, Wete

*

Wa alaykum salaam mwanangu.

Nitaanza na mwenzako, ingawa hukuniuliza habari zake. Juu ya dawa hii wanavyuoni wana maneno, na utayasikia hapa chini. Juu ya kusema "imekwisha" na huku maboksi yapo hakuna maneno. Ni uongo kwa madhehebu yote, Shafi, Ibadhi na waliobaki. Tena si mdogo. Mgonjwa anaondoka Wete akiamini dawa hakuna, na saa zake zinakwenda. Akipanda gari hadi Chake kutafuta duka jingine, nusu ya siku imeshamalizika. Mwenzako akiona dhamiri yake haimruhusu kuuza, ana haki ya kusema, "Mimi siuzi hii, mwenzangu yupo, ngoja nikuitie." Sentensi hiyo haina dhambi ndani yake kwa kipimo chochote. Anayekimbia jambo lenye khitilafu akaangukia jambo ambalo wote wameafikiana kuwa haramu hajafanya uchamungu, amebadilisha dhambi ya shaka kwa dhambi ya yakini.

Sasa swali lako. Kabla ya kitabu cha fiqhi ni lazima tujue dawa inafanya nini mwilini, kwa sababu hukumu ya kitu hufuata kitu chenyewe kilivyo. Nimefanya ukunga miaka mingi kabla ya kukaa hapa kujibu barua, na hili ndilo ambalo watu wengi, wasomi wakiwemo, hawajalisikia likielezwa taratibu.

Mwanamke hashiki mimba saa ile ile anayokutana na mwanamume. Mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wake mpaka siku 5, zikingoja. Yai likitoka, lenyewe halikai zaidi ya siku moja hivi. Kwa hiyo mara nyingi, asubuhi ile mama alipokuja kwako na mtoto wake, hakukuwa na kitu chochote kilichotungwa. Mbegu zipo, yai bado halijatoka. Levonojestreli, ndiyo dawa iliyomo kwenye P2, inazuia yai lisitoke au inalichelewesha, mpaka zile mbegu zife zenyewe. Kazi yake ndiyo hiyo. Na ikiwa yai limeshatoka, haina msaada tena. Watafiti waliwafuatilia wanawake walioimeza baada ya yai kutoka, wakakuta wanashika mimba kama wale ambao hawakumeza kitu. Lau kidonge hiki kingekuwa kinang'oa kilichokwisha kutungwa, wanawake hao wasingeshika mimba kwa kiwango kile. Na aliyekwisha kuwa na mimba akikimeza kwa kutojua, mimba inabaki na mtoto hadhuriki. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakitoi mimba.

Lakini usimcheke maalim wako. Alilosema hakulizua. Kwa miaka mingi karatasi iliyokuwa ndani ya boksi iliandikwa kwamba dawa hii huenda pia ikazuia yai lililorutubishwa lisijishike kwenye tumbo la uzazi. Marekani iliiondoa kauli hiyo kwenye maelezo ya dawa mwezi Disemba 2022, baada ya ushahidi kujikusanya kwamba haifanyi hivyo. Kama maalim aliisoma au alisomewa karatasi ya zamani, alijenga hukumu yake juu ya alichoandika mtengenezaji mwenyewe.

Tuingie kitabuni. Jabir, sahaba wa Mtume (S.A.W.), amepokewa katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim akisema kwamba walikuwa wakifanya azli, yaani mwanamume kumwaga nje, na Qur'ani inateremka. Hawakukatazwa. Ipo hadithi nyingine katika Muslim, ya Judama binti Wahb, ambayo azli inaitwa humo kumzika mtoto hai kwa siri, na mwanachuoni Ibn Hazm aliishika hiyo akaharamisha. Maimamu wetu wa Kishafi walizikusanya zote mbili. Imam Nawawi akasema azli ni karaha, yaani bora kuiacha, si haramu. Imam Ghazali akasema inafaa, na akataja sababu ambazo mtu anaweza kuwa nazo, mojawapo ikiwa ni kuuhurumia mwili wa mke na hatari za uzazi. Yote haya yaliandikwa karne nyingi kabla ya boksi la P2.

Na huyu Ghazali, mwanangu, ndiye wa kumsoma kwa makini, kwa sababu ameweka mstari. Amesema azli si kama kutoa mimba, kwani kutoa mimba ni jinai juu ya kitu kilichokwisha kuwapo. Kisha akaeleza wapi kuwapo kunaanza: pale maji ya mwanamume yanapoingia kwenye kizazi na kuchanganyika na maji ya mwanamke, yakawa tayari kupokea uhai. Kuharibu baada ya hapo ni kosa, na kila hatua inavyosonga kosa linakua. Basi linganisha. Dawa inayozuia yai lisitoke inafanya kazi kabla ya kuchanganyika huko. Iko upande ule ule wa mstari ilipo azli. Hata wale wanaobishana juu ya siku 40 na siku 120, siku ambayo roho hupulizwa kwa hadithi ya Ibn Masud, wanabishana juu ya mimba iliyopo. Hapa hatujafika huko.

Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lile la Jeddah, lilikutana Kuwait likapitisha kwamba kuzuia mimba kwa muda ili kupanga nafasi ya uzazi kunafaa, kwa masharti: pawe na haja, wanandoa washauriane na kuridhiana, pasiwe na madhara, njia iwe halali, na isiishambulie mimba iliyopo. Kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura wakakukataza. Kabla yao Sheikh Mahmud Shaltut wa Al-Azhar alishalifungua jambo hili. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: hapana, huui. Ninavyoona mimi, anayesema "kidonge hiki ni kuua" anapaswa kwanza aonyeshe ni nani aliyeuawa.

Niseme na hili, maana najua kuna watakaonisoma wakidhani nafungua mlango wote. Kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi, nacho hutumika kwa dharura, ndani ya siku 5, na kuzuia kwake ni kwa nguvu kuliko kidonge. Kazi yake kubwa ni kuziua mbegu. Lakini kikiwekwa baada ya tendo, haielekei kuwa hiyo ndiyo kazi yake pekee, kinaweza kulizuia hata yai lililorutubishwa lisijishike. Kwa anayesimama kwenye mstari wa Ghazali, hapo pana swali la kweli. Mwanamke mwenye hofu hiyo aelezwe kabla, asifichwe, kisha achague mwenyewe.

Yule mama wa Jumatatu, kwa maoni yangu, ulimfanyia wema mtupu. Kapasuliwa, ananyonyesha mtoto wa miezi minane. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Kidonge hiki hakimzuii kunyonyesha. Utaniambia: na mumewe je, karidhia? Hilo la kuridhiana ni sharti lao wawili, wataliulizwa wao. Muuza dawa hajawekwa kuwa shahidi wa ndoa ya mtu. Unachoweza ni kumwambia kwa upole, "Bi, huyu bwana akija tena mwezi ujao itakuwa hivi hivi, kwa nini msiende kliniki pamoja mkapata njia ya kudumu kidogo?" Maana dawa ya dharura haikuwekwa iwe ya kila mwezi. Haimharibu kizazi, huo uvumi uufute kabisa. Ila inamvuruga siku zake na haimkingi vizuri kama njia za kawaida.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi, na nafurahi umelitenganisha na la kwanza, maana watu hulivuruga pamoja. Tuseme dawa haiui. Je, si unasaidia zinaa? Aya inayokukera moyoni ni ya pili ya Suratul Maida: saidianeni katika wema na uchamungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui.

Mashafi wana mlango wao wa jambo hili, na huwa wanatoa mfano wa zabibu. Mtu anauza zabibu na tende mbichi, mnunuzi ni mkamuaji wa pombe. Ukijua au ukiwa na dhana yenye nguvu kwamba atakamulia pombe, kumuuzia ni haramu. Ukiwa na shaka tu, ni karaha. Mwenye kukushutumu atakwambia: basi na wewe ni hivyo hivyo. Mimi naona sivyo, kwa sababu mbili. Zabibu huja kabla ya pombe, bila zabibu pombe haipatikani. Kidonge chako kinakuja baada ya tendo, halali au haramu, limeshatokea, wala kukinyima hakulirudishi nyuma. Utakachozuia kwa kunyima si zinaa, utakachozalisha ni mimba ya mtu asiyeitaka, na wewe na mimi tunajua Pemba msichana wa aina hiyo hupelekwa kwa nani usiku, akapewa majani gani, na wangapi wamefika hospitali wamechelewa. Hapo ndipo roho inapotoka kweli, wakati mwingine mbili.

Sababu ya pili: humjui aliyesimama mbele yako. Ana pete au hana, kafunika uso au kauacha, huwezi kusoma ndoa ya mtu kupitia kioo cha duka. Allah amesema katika Suratul Hujurat tujiepushe na dhana nyingi na tusipelelezane. Ukianza kuwauliza wanawake vyeti vya ndoa, walioolewa wenye haya ndio watakaokimbia wa kwanza, na yule kijana wako asiye na haya atabaki.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza: kwamba dawa ikiwa rahisi kupatikana, hofu inaondoka na vijana wanajiachia. Nawaelewa wazee wanaosema hivyo. Mimi pia ni mzazi. Lakini malezi ni kazi ya nyumbani, ya chuoni na ya skuli. Duka la dawa likigeuzwa mahali pa kuadhibia, anayeadhibiwa ni mmoja tu kati ya wawili, na kila siku ni yule yule. Mwanamume aliyeshiriki hapiti hata mtaa wa dukani.

Sasa yule mtoto wa soksi nyeupe. Huyu amenikalia kichwani kuliko wote. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mtoto akija kutaka dawa hii, swali la kwanza halipaswi kuwa "umeolewa?" bali "uko salama?" Nimewapokea wasichana hospitali ambao walitaka kuuliza jambo moja tu na wakapewa mawaidha ya nusu saa, wakatoka bila kusema kwamba aliyewafanyia ni mjomba, au jirani, au mwalimu wao. Akirudi, mpe nafasi. Ami yako aweke pazia au kiti pembeni, ile sehemu mnayopimia presha inatosha. Mwuulize lini, na kama alitaka mwenyewe au alilazimishwa. Dawa mpe. Usiifanye zawadi ya kukiri.

Akikwambia alilazimishwa, basi kidonge peke yake hakitoshi, na mwendo ni wa haraka. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, nazo mwisho wake ni saa 72, na hizo hazipo dukani kwako, zipo hospitali. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, cha kwanza kilianzia hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na vingine vikafuata, ambako daktari, polisi na mshauri wanakutana na mtu mahali pamoja badala ya kumzungusha. Namba 116 ni ya watoto, haina malipo. Mwambie asioge na asifue nguo kabla hajaonwa. Na usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza: ukimwambia "sitomwambia mtu" kisha ukalazimika kusema, hatoamini mtu mzima mwingine. Sema, "Sitotangaza, lakini nikiona uko hatarini nitatafuta wa kukusaidia, na nitakwambia kabla sijamwambia." Ndugu zetu watasema aibu ya familia ifunikwe. Hadithi ya kumsitiri Muislamu ni sahihi na naipenda, lakini haikuja kumsitiri mbakaji.

Kijana wa kila wiki, yeye hanipi huruma nyingi. Huenda ni mume wa mtu, sikatai. Bado una haki ya kumuuliza kama fundi wa kazi yako: mwenyewe anajua anachokimeza? Lini? Anatumia dawa nyingine? Kuna wanaume, nisamehe kusema, wanaotia kitu kwenye kinywaji. Akijibu vizuri, muuzie cha mtu mmoja. Akitaka maboksi ya akiba, mwambie mwanamke aje mwenyewe au apige simu uzungumze naye. Na umwekee kondomu mbele ya macho, kwa sababu P2 haizuii Ukimwi wala kaswende, na anayebadilisha wanawake kila wiki anagawa zaidi ya mimba.

Kwa nesi wako Mkatoliki: kanisa lake ni kali juu ya kuzuia mimba, amekwambia kweli, na waraka wa Papa wa 1968 uko wazi. Lakini hata huko, kwa mwanamke aliyebakwa, maaskofu wa Ujerumani mwaka 2013 walikubali hospitali zao zitoe dawa inayozuia utungaji, maadamu haitoi mimba, na wa Marekani wana mwongozo unaoelekea huko huko. Waanglikana, wale wenye kanisa Mkunazini, Unguja, walilegeza tangu mkutano wao wa Lambeth wa 1930. Angalia ajabu yake: wote wanarudi kwenye lile swali aliloliuliza Ghazali, kimeanza kuwapo kitu au hakijaanza?

Kuna neno la darsani ambalo pia linahitaji jibu, kwamba anayemeza anazuia nafsi aliyoiandika Allah. Masahaba waliulizia azli kwa sababu hiyo hiyo, na Mtume akawaambia hakuna nafsi iliyoandikiwa kuwapo mpaka Kiyama ila itakuwapo. Wangapi wamemeza na wakazaa? Tele. Mwenye imani na kadari haogopi kidonge cha miligramu 1.5.

Kuhusu maalim, mfuate. Usiende na hasira wala na wanawake nyuma yako. Nenda nyumbani kwake na mahram wako baada ya Isha, chukua karatasi mpya ya dawa, na usimuulize "P2 ni haramu?" kwa sababu utapata jibu lile lile. Muulize hivi: "Maalim, dawa ikizuia yai lisitoke, na mbegu bado haijakutana nalo, hukumu yake ni ya azli au ni ya kutoa mimba?" Mwalimu wa Kishafi akiulizwa hivyo atakwenda kabatini kufungua kitabu. Akibaki na msimamo wake, mheshimu, na muombe suala lipelekwe Ofisi ya Mufti, maana ofisi hiyo iliundwa kwa sheria ya 2001 na kutoa fatwa ni kazi yake. Jibu la maandishi litakusaidia wewe na litamsaidia yeye.

Na moyo wako ukikataa baada ya yote haya? Basi usiuze. Sikulazimishi. Mwambie ami yako mapema ili zamu zipangwe, asiwepo mteja atakayekuta duka lina watu wawili na wote wanatazama chini.

Ukiuza, uza kama mwenye cheti. Vidonge viwili vya miligramu 0.75 humezwa vyote pamoja, havina haja ya kusubiriana saa 12. Ndani ya saa 72 ndiyo bora, na mapema ni bora zaidi. Mpaka siku ya 5 vinaweza kusaidia lakini nguvu inapungua. Akitapika kabla ya saa 2 kupita, arudie. Uliza kama anatumia dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, dawa ya kifafa kama kabamazepini, au efavirenzi ya virusi vya Ukimwi, kwa sababu hizo zinaipunguza nguvu na huyo anahitaji kuonana na daktari. Mwenye mwili mkubwa sana naye mwambie huenda isimfanyie kazi vizuri. Siku zake zikichelewa zaidi ya wiki, apime mimba. Mwambie ami aagize vipimo hivyo na aviweke rafu hiyo hiyo ya pili.

Mshahara wako ni wa kazi ya halali, chukua ule na wazee wako. Wa mwenzako kwa zile jioni anazosema "imekwisha" ndio ningeuliza.